Matufe ya Kioo ya Lauscha: Historia ya Mapambo ya Krismasi ya Kale

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, maduka hujaa mapambo yaliyotengenezwa ili yafanane na ya zamani: matufe ya kioo yenye rangi ya fedha iliyofifia, ndege wenye mikia ya nyuzi za kioo, mbegu za msonobari zilizonyunyiziwa unga mweupe mfano wa theluji, vifuniko vya bati vilivyochakazwa kwa makusudi. Watu huyanunua kwa sababu yanaipa nyumba sura ya sikukuu za bibi na babu. Lakini zamani hiyo ina mahali pake na ina wenyewe. Sehemu kubwa yake ilianzia kwenye bonde jembamba la milima ya Thuringia, katikati ya Ujerumani, katika mji mdogo uitwao Lauscha. Anayetaka kupamba nyumba yake kwa mtindo huo anastahili kujua habari za mji huo, kwa maana uzuri wa vitu hivi umetoka moja kwa moja katika namna vilivyofanywa na maisha ya waliovifanya.

Mti kabla ya kioo

Mti wa Krismasi uliishi muda mrefu kabla ya kuona kioo. Maandishi ya mwaka 1605 yanaeleza kwamba watu wa Strasbourg walisimamisha misonobari katika vyumba vya kukaa na kuitundika mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba, mabati membamba ya dhahabu bandia, na sukari. Mapambo hayo karibu yote yalikuwa ya kuliwa. Watoto waliyatazama kwa siku kadhaa, kisha mti ukavuliwa na vilivyotundikwa vikagawanywa. Hakuna kilichowekwa akiba kwa mwaka unaofuata.

Baadaye mishumaa midogo iliongezwa kwenye matawi, pamoja na kokwa zilizopakwa rangi ya dhahabu na biskuti zenye maumbo ya nyota na wanyama. Desturi hii ilishika zaidi katika nchi za Kijerumani, kwanza kwenye nyumba za wenye uwezo mijini, kisha vijijini. Tofaa jekundu ndilo lililokuwa pambo lenyewe la mti. Umbo lake la duara, wekundu wake na namna lilivyoning'inia kwa uzi ndivyo vilivyokuja kurithiwa na tufe la kioo.

Tanuri la msituni

Mwaka 1597 watu wawili, Hans Greiner na Christoph Müller, walipewa kibali cha kujenga tanuri la kuyeyushia kioo katika msitu wa Lauscha. Greiner alikuwa na asili ya Swabia, Müller ya Bohemia, na wote wawili walitoka katika koo za mafundi wa kioo. Walichagua mahali pale kwa hesabu. Kioo kinahitaji mchanga, chokaa na majivu ya miti, na juu ya yote kinahitaji kuni zisizo na kikomo, kwa sababu tanuri haliruhusiwi kupoa. Thuringia ilikuwa na vyote hivyo. Ardhi ya kulima ndiyo iliyokosekana: bonde ni jembamba, miteremko ni mikali na majira ya baridi ni marefu. Tangu mwanzo, watu wa Lauscha walikula kutokana na kioo, na kioo kikiwakataa hawakuwa na shamba la kukimbilia.

Tanuri lilitengeneza vyombo vya kunywea, chupa na vioo vya madirisha. Koo mbili zikazaana, watoto wakarithi ufundi, na baada ya vizazi kadhaa mji ukajaa akina Greiner na akina Müller kiasi kwamba haikuwezekana kuwatenganisha bila kuongeza jina la pili. Ndiyo maana historia ya Lauscha imejaa majina kama Müller-Uri na Greiner-Schlotfeger.

Kuzaana huko kulileta tatizo. Nafasi za kufanya kazi kwenye tanuri zilikuwa chache, na mafundi walikuwa wengi. Katika karne ya 18 waliokosa nafasi walipata njia nyingine. Walinunua mirija na vijiti vya kioo kutoka tanurini, wakaenda navyo nyumbani, wakakaa mbele ya taa ya mafuta, wakauchochea mwali kwa mvukuto wa kukanyaga kwa mguu, na kwa mwali huo mdogo wakalainisha kioo na kukipuliza. Kitu cha kwanza walichokifanya kwa wingi kilikuwa shanga. Wengine walitengeneza macho ya wanasesere, na mwaka 1835 Ludwig Müller-Uri akafanikiwa kutengeneza macho bandia ya binadamu, kazi iliyoupa mji huo heshima miongoni mwa madaktari.

Katika karne ya 19 shanga za kioo zilikuwa bidhaa ya dunia nzima. Za Venice, na baadaye za Bohemia, zilivuka bahari hadi Unguja na Bagamoyo, zikabebwa na misafara kuelekea Tabora na Ujiji, ambako zilitumika kama fedha. Ushindani katika biashara hiyo ulikuwa mkali, na kwa mafundi wa bonde maskini la Thuringia kila mteja aliyepotea alimaanisha chakula kilichopungua mezani. Hapo ndipo mtu fulani, au watu kadhaa kwa pamoja, walipoanza kupuliza ushanga ukawa mkubwa kuliko ushanga.

Tufe la kwanza

Lauscha kuna masimulizi yanayopendwa sana. Yanasema kwamba mwaka 1847 mpuliza kioo mmoja alikuwa fukara kiasi cha kushindwa kununua matofaa na kokwa za kutundika kwenye mti wa watoto wake. Akakaa mbele ya taa yake na kuwapulizia matofaa na kokwa za kioo. Hadithi hiyo haina jina la mtu wala ushahidi, lakini wenyeji wameishika kwa sababu inasema kweli juu ya hali yao: pambo lililokuja kung'aa katika majumba ya kifahari lilizaliwa katika nyumba iliyopungukiwa.

Ushahidi ulioandikwa unafuata kwa karibu. Katika daftari la maagizo la mwaka 1848 kuna mteja aliyeagiza dazeni sita za matufe ya Krismasi ya ukubwa mbalimbali. Matufe 72 tu, na kutoka hapo biashara nzima ikafunguka.

Matufe ya miaka ile ya mwanzo hayakuwa yale tunayoyafikiria leo. Yalikuwa mazito, ya kioo kinene, na ndani yake yalipakwa mchanganyiko wa metali wenye risasi ili yang'ae. Mwali wa taa ya mafuta haukuwa na joto la kutosha kulainisha kioo sawasawa pande zote. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1867, Lauscha ilipojenga kiwanda chake cha gesi na kuipeleka gesi hiyo hadi kwenye meza za mafundi. Mwali wa gesi ulikuwa mkali na ulitulia, na fundi aliweza kuurekebisha atakavyo. Sasa aliweza kupuliza tufe kubwa lenye ukuta mwembamba sana, jepesi kiasi kwamba tawi dogo la msonobari halikuinama.

Karibu na wakati huohuo risasi iliachwa na fedha ikachukua nafasi yake. Katikati ya karne ya 19 mkemia Justus von Liebig alikuwa amebuni njia ya kufanya fedha igande juu ya kioo kutoka kwenye maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya fedha. Mafundi wa Lauscha waliichukua kanuni hiyo na kuifanyia kazi jikoni. Matone machache ya maji hayo yaliingizwa ndani ya tufe pamoja na sukari, tufe likatumbukizwa katika maji ya moto na kutikiswa, na kwa muda mfupi ukuta wa ndani ukageuka kioo cha kujitazamia. Fedha hiyo iko ndani, haiguswi na mkono wala hewa ya chumba, na ndiyo sababu tufe la zaidi ya miaka 100 likitunzwa vizuri bado linaweza kurudisha mwanga wa mshumaa.

Kazi ya nyumba nzima

Nyumba ya fundi wa Lauscha ilikuwa karakana. Baba alikaa dirishani mbele ya mwali, akapasha mrija wa kioo, akauziba upande mmoja na kupuliza. Kama umbo lilikuwa tufe la kawaida, alilizungusha hewani kwa vidole mpaka likakamilika. Kama lilikuwa tunda, ndege au uso wa mzee mwenye ndevu, alilipulizia ndani ya kalibu ya vipande viwili. Mama alitia fedha, kisha yeye na binti zake wakubwa wakachovya vitu hivyo katika rangi na kuchora kwa brashi nyembamba macho, mashavu na majani. Matufe yalikaushwa juu ya meko yakiwa yamechomekwa kwenye mbao zenye misumari. Watoto wakitoka shule walisaidia kukata shingo ndefu za mirija, kuziba matundu na kupanga bidhaa katika makasha.

Maumbo yalikuwa mengi mno. Kulikuwa na matofaa, zabibu, mbegu za msonobari, samaki, kengele, tarumbeta ndogo zinazolia kweli zikipulizwa, na ndege wenye mikia ya nyuzi za kioo laini kama manyoya. Mambo mapya ya dunia nayo yaliingia mtini. Ndege kubwa za gesi za Zeppelin ziliporuka angani, mafundi walizitengeneza kwa kioo. Magari yalipoenea, nayo yakatundikwa. Ukipanga mapambo ya Lauscha kwa miaka yake, unaweza kuona yaliyokuwa yakizungumzwa na watu wa kila kizazi.

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Mapambo yalikuwa kazi ya msimu: maagizo yalifika mapema mwakani, bidhaa zikatakiwa ziondoke kabla ya Desemba, na miezi ya mwisho familia zilifanya kazi hadi usiku wa manane katika hewa yenye gesi na harufu ya rangi. Soko lilikuwa Sonneberg, mji wa wanasesere na vitu vya kuchezea, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Kabla reli haijafika Lauscha mwaka 1886, wanawake ndio waliobeba mzigo huo mgongoni ndani ya vikapu virefu, wakishuka milima na maelfu ya vitu vinavyovunjika kwa kujikwaa mara moja. Sonneberg walikutana na mawakala waliopanga bei. Fundi hakuwajua wanunuzi wa mwisho, na mara nyingi alikuwa anadaiwa na wakala huyohuyo vifaa alivyokopa. Tunapoyaita mapambo haya ya kupendeza, tukumbuke pia migongo ya wanawake hao.

Malkia, na dola 25

Kilichoufanya mti wa Kijerumani kuwa wa dunia nzima ni picha. Desemba 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Mjerumani Albert na watoto wao wakiwa wamezunguka mti uliopambwa katika kasri la Windsor. Miti ya Krismasi ilikuwa imewahi kuonekana katika familia ya kifalme ya Uingereza, lakini sasa kila msomaji aliiona. Mwaka 1850 jarida la Kimarekani Godey's Lady's Book liliuchapisha mchoro uleule baada ya kufuta taji la malkia na masharubu ya mumewe, ili waonekane kuwa familia ya kawaida ya Kimarekani. Kwa njia hiyo mti wa ikulu ukawa mti wa sebuleni.

Huko Marekani wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuja na desturi yao, hasa jimbo la Pennsylvania. Na katika jimbo hilohilo, mji wa Lancaster, kijana mmoja aliyeitwa Frank Winfield Woolworth alifungua mwaka 1879 duka la vitu vya bei nafuu. Mwaka 1880 muuzaji wa jumla alimwonyesha matufe ya kioo kutoka Ujerumani. Woolworth hakuyataka. Aliona yatavunjika kabla ya kuuzwa na kwamba wateja hawatajua ni ya kazi gani. Mwishowe alikubali kuchukua ya dola 25 tu. Yaliisha kwa siku mbili.

Kadiri maduka yake yalivyoongezeka, ndivyo maagizo yake yalivyokua. Alisafiri mwenyewe hadi Ujerumani, akaona namna mapambo yanavyotengenezwa majumbani, na baada ya miaka kampuni yake ikawa na ghala lake Sonneberg. Matufe yaliyokuwa ya watu wachache sasa yalipatikana kwa senti tano au kumi. Mfanyakazi wa kiwandani wa Philadelphia aliweza kununua moja kila mwaka, na baada ya miaka kumi mti wake ukawa na historia. Hapa ndipo desturi ya kuweka akiba ya mapambo ilipokomaa. Tofaa la kweli lililiwa. Tofaa la kioo lilifungwa katika karatasi, likahifadhiwa kwenye kasha, na mwaka uliofuata likatolewa na mtoto aliyelikumbuka.

Mwanga nao ulibadilika. Mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha nyumbani kwake New York mti wenye taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na za buluu. Ilichukua miongo kadhaa taa hizo kuwa nafuu, lakini hatimaye ziliondoa hatari ya moto ambayo mishumaa ilikuwa imeiweka katika kila nyumba yenye mti mkavu.

Vita na mashine ya taa

Vita Kuu ya Kwanza vilikata njia. Uingereza ilizuia meli za biashara za Ujerumani, na mapambo ya Lauscha yakakosa soko lake kubwa. Baada ya vita biashara ilirudi, na katika miaka ya 1920 na 1930 sehemu kubwa ya mapambo ya kioo ya Marekani iliendelea kutoka Ujerumani, ingawa Bohemia na Japani nazo zilikuwa zimeingia sokoni.

Aliyeona mapema kwamba vita vingine vingekata njia tena alikuwa Max Eckardt, mfanyabiashara aliyezaliwa Oberlind, jirani na Sonneberg, na aliyeingiza mapambo Marekani kwa miaka mingi. Mwaka 1937 alianzisha kampuni ya Shiny Brite. Yeye na kampuni ya Woolworth waliishawishi Corning Glass Works ijaribu jambo lisilokuwa limewahi kufanywa: kutumia mashine ya kutengenezea globu za taa kutoa matufe ya Krismasi. Mashine hiyo, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1926 katika kiwanda cha Wellsboro, Pennsylvania, ilitandaza utepe wa kioo kilichoyeyuka na kuupuliza ndani ya kalibu zilizokuwa zikizunguka bila kusimama.

Jaribio lilifaulu. Desemba 1939 Corning ilipeleka kwa Woolworth shehena ya kwanza ya matufe yapatayo 235,000. Mwaka uliofuata kiwanda kilikuwa kinatoa takriban 300,000 kwa siku. Fundi hodari wa Lauscha, akisaidiwa na familia yake yote, alimaliza mia chache kwa siku. Matufe ya Corning yalipelekwa kwenye viwanda vya Eckardt, yakatiwa fedha na kuchorwa milia ya rangi, mara nyingi na mikono ya wanawake.

Kisha Marekani ikaingia vitani, na vita vikaacha alama juu ya pambo lenyewe. Metali zilihitajika kwa silaha, hivyo fedha ya ndani ikaachwa, na matufe yakabaki ya kioo kitupu yenye milia myembamba ya rangi. Vifuniko vya bati vikafuatia, na mahali pake vikawekwa vya karatasi ngumu. Leo mkusanyaji akiona tufe angavu lenye milia na kifuniko cha karatasi, anajua bila kuuliza kwamba limetoka miaka ya vita. Vilevile muhuri unaotaja ukanda wa Marekani wa Ujerumani unamweleza kwamba kitu hicho kilitoka katika miaka michache ya baada ya 1945, majeshi ya washindi yalipokuwa yamegawana nchi.

Mpaka, plastiki na kurudi nyuma

Mgawanyo huo uliikata Thuringia kutoka kwa majirani zake. Lauscha ilibaki upande wa Mashariki. Baadhi ya mafundi walivuka hadi Neustadt bei Coburg, mji wa Bavaria unaotazamana na Sonneberg, wakaanza upya pale. Waliobaki walijikuta hatimaye chini ya viwanda vya dola, na kazi yao iliuzwa Magharibi ili nchi ipate fedha za kigeni. Mti wa familia ya Marekani ungeweza kuwa na tufe la Mashariki na tufe la Magharibi kwenye tawi moja, wakati binamu waliopuliza matufe hayo hawakuruhusiwa kutembeleana.

Marekani kwenyewe ladha ilikuwa inageuka. Miaka ya 1950 ilikuwa enzi ya Shiny Brite, matufe ya waridi, ya buluu bahari na ya kijani. Mwaka 1959 miti ya alumini ya Evergleam kutoka Manitowoc, Wisconsin, ilianza kuuzwa, ikimulikwa na taa inayozunguka na kubadili rangi. Muda si mrefu plastiki ikashika soko. Haikuvunjika, ilikuwa nafuu, na mashine iliweza kuipa umbo lolote. Leo sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka China, hasa mji wa Yiwu.

Hapohapo plastiki iliposhinda, watu walianza kukitafuta kioo. Mwaka 1980 wakusanyaji wa Marekani waliunda chama chao, Golden Glow of Christmas Past. Miaka michache baadaye Mmarekani mwenye asili ya Kipolandi, Christopher Radko, aliona mti wa familia yake ukianguka na kuvunja mapambo ya kioo zaidi ya elfu moja yaliyokusanywa kwa vizazi. Alikwenda Poland, akatafuta mafundi waliokuwa bado wanaijua kazi ya kale, na kutokana na msiba huo wa nyumbani akajenga kampuni iliyorudisha kalibu za zamani kazini. Mwaka 2001 ililirudisha hata jina la Shiny Brite, likauzwa kama pambo la kumbukumbu. Matufe yaliyotolewa na mashine ya globu ili kuwapiku mafundi wa mkono, sasa yalikuwa yenyewe yanatamaniwa kama vitu vya kale.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, Lauscha ilikutana upya na soko huria, na wengi walipoteza kazi kabla karakana ndogo hazijasimama tena. Leo mji unaishi kwa mafundi wake, jumba lake la makumbusho na soko lake la matufe kabla ya Krismasi. Dunia nayo imetambua thamani ya ufundi huu: mwaka 2020 UNESCO iliingiza katika urithi wa binadamu mapambo ya Krismasi ya shanga za kioo yanayotengenezwa kwa mkono Poniklá, nchini Cheki, na mwaka 2023 ikaongeza ujuzi wa kutengeneza kioo kwa mkono kutoka nchi sita, Ujerumani ikiwemo. Poniklá bado wanapuliza shanga, wanazitia fedha ndani, na kuzitunga kwa waya ziwe nyota, kama walivyofanya mababu zao.

Kuipamba nyumba kwa vitu hivi

Anayebahatika kupata mapambo ya kioo ya kale ayashike kwa ujuzi. Yasioshwe kwa maji, kwa sababu rangi nyingi za zamani huyeyuka. Brashi laini na kavu inatosha. Yasihifadhiwe darini penye joto wala stoo yenye unyevu, maana unyevu huibandua fedha. Yafungwe moja moja katika karatasi laini na kupangwa katika kasha lenye vyumba. Nyuzi za kung'aa za zamani zichunguzwe kabla ya kutumika: nyingi zilikuwa za risasi, na Marekani iliacha kuziuza baada ya 1972 kwa ajili ya afya ya watoto. Nyaya za taa za kale zisiwashwe kabla fundi wa umeme hajazikagua.

Asiye na ya kale anaweza kununua yaliyotengenezwa kwa mtindo wao, na hakuna aibu katika hilo. Ila ajihadhari na hadithi zinazouzwa pamoja na kitu. Marekani, kwa mfano, tango la kioo hufichwa katika mti na mtoto anayeliona kwanza hupewa zawadi ya ziada, na kasha lake husema kwamba ni desturi ya kale ya Wajerumani. Matango ya kioo yalipulizwa Lauscha kweli, lakini Wajerumani wengi hawajawahi kuusikia mchezo huo. Historia ya kweli ya mapambo haya ina mambo ya kutosha. Haihitaji kuongezewa chumvi.

Nasi tunayo ya kwetu. Katika nyumba nyingi za Kikristo za Afrika Mashariki, Krismasi imepambwa kwa tawi la msonobari lililokatwa karibu, pamba iliyopachikwa kuwa theluji ambayo waliopamba hawakuwahi kuigusa, minyororo ya karatasi iliyobandikwa na watoto, na maputo. Vitu hivyo tumezoea kuvitupa Januari. Matufe ya Lauscha pia yalikuwa vitu vya watu maskini vilivyouzwa kwa senti, na yaliyofika kwetu yamefika kwa sababu mtu fulani aliamua kutoyatupa.

Hilo ndilo ninaloliamini baada ya kuifuata habari hii tangu tanuri la 1597. Kiwanda hakiwezi kukuuzia ukale. Kinaweza kukuuzia rangi iliyofifia na kifuniko kilichochakaa, lakini ukale wenyewe hutengenezwa na nyumba, kwa kukitoa kitu kilekile kila mwaka na kumweleza mtoto kilitoka kwa nani. Kwa hiyo nunua vichache, na ukiweza nunua kutoka kwenye mkono wa fundi, awe wa Lauscha au wa mtaa wako anayesuka shanga na ukili. Andika mwaka na jina la aliyekuletea kwenye kipande cha karatasi, kiweke ndani ya kasha, na mwaka ujao anza na hivyo kabla ya kununua vingine. Miaka 20 ikipita, watoto wako watakuwa na mapambo ya kale, na watajua historia yake.